Mambo ya kuangalia mbele ya kutoa jina ya fishie mu njia yake nzima

Ukitengeneza programu ya ordinatere hapa Lubumbashi, iwe ya kuandika fakture za depo moja mu komini ya Kenya ao ya kupanga buletini za masomo moja ya Kampemba, utafika tu fasi yenye mtu anachagua fishie na programu inapokea njia yote nzima, mfano C:\Users\Biro\Documents\Factures\recu janvier.pdf, na wewe unataka paka ile ya mwisho, recu janvier.pdf, juu njo ile mwenye butiki anaelewa akiiona ku ekra. Wengi wanaona ni kazi ya mustari moja, wanaandika kodi yenye inatafuta antislashi (\) ya mwisho na kukata pale, ku mashini yao inatembea muzuri, basi wanapelekea mukiliya. Mimi naomba usimame kidogo kwanza. Kukata si nguvu, nguvu ni kujua ile njia imetoka wapi na ilizaliwa ku mashini gani.

Njo ulizo ya kwanza basi. Windows inatenganisha dosie na antislashi, Linux na Mac zinatumia slashi ya kawaida (/), ile tunajua, lakini wengi hawajui kama Windows inakubali zote mbili, ata zikiwa zimechanganyika mu njia moja. Ni historia ya zamani: MS-DOS 2.0, mfumo ya Microsoft ya mbele ya Windows, njo ilileta dosie mwaka wa 1983, na slashi ilikuwa tayari inatumika kwa kupatia komandi maagizo yake, kwa hiyo wakachukua antislashi. Matokeo yake leo ni hii: kodi yenye inatafuta antislashi peke yake inaweza kukuta hakuna hata moja ata kama uko ku Windows. Luga ya Python na tkinter, chombo yake ya madirisha, inafanya vile kabisa, askopenfilename inakurudishia C:/Users/Biro/... na slashi za kawaida, na ule mwenye alikata kwa mukono anabaki na njia yote nzima fasi ya jina.

Ya upande mwingine ni mubaya zaidi juu haionekani haraka. Ku Linux antislashi ni herufi kama ingine, inaweza kukaa ndani ya jina ya fishie bila shida. Sasa fikiri njia ziliandikwa mu baze ya data na mashini za Windows, kisha biro inahamia Ubuntu, ao programu yako inasomwa ku mashini ingine: os.path.basename ya Python itakurudishia ile njia yote bila kukata kitu, na Path.GetFileName ya .NET (ile ya Microsoft yenye C# na VB.NET zinatumia) itafanya sawasawa, juu zote mbili zinafuata sheria ya mashini kwenye zinatembea, hazifuate mashini kwenye njia ilizaliwa. Kama unajua njia zako ni za Windows, mu Python tumia PureWindowsPath ao ntpath.basename, zitakata vizuri popote. Uamue hii mbele, usingoje siku baze imejaa.

Kisha angalia kama luga yako iko na chombo tayari, na karibu zote ziko nacho. C# na VB.NET ziko na Path.GetFileName, Java iko na getFileName ya Path, Delphi ExtractFileName, Qt QFileInfo na fileName yake, C++ tangu ile ya 2017 iko na std::filesystem, Python iko na pathlib. Kama bado unatunza programu ya zamani ya VB6, pale utatumia InStrRev na Mid$, sawa, ni vile iko. Lakini mu luga ya leo kukata kwa mukono mimi naona ni kujitafutia kazi ya bure. Na mara ingine haufai hata kukata: OpenFileDialog ya WinForms, ile dirisha ya kuchagua fishie mu .NET, inakupatia FileName, ile ni njia yote, na SafeFileName, ile ni jina peke yake. Uhakikishe tu mtu alibonyeza OK kweli, juu akifunga dirisha bila kuchagua, hakuna jina ya kutoa na kodi yako inapashwa kujua.

Klavie pia. Hapa wengi tuko na AZERTY, antislashi inatoka na AltGr, na ukisha kuipata ukaandika "C:\nouveau\tarif.txt" mu Python ao C#, ile \n inakuwa mustari mupya na ile \t inakuwa tabu, njia inaharibika mbele programu haijaanza hata kuigusa. Weka r mbele mu Python, @ mu C#. VB haina ile tatizo.

Fasi yenye naomba ukae zaidi ni ekstansio, ile mwisho ya jina kama .pdf, juu pale njo majina ya kwetu yanaumia. Watu wanaita fishie zao vile wanataka: M. le Préfet.docx, Buletini 4.B.xlsx, Lettre du 12.03.pdf. Ukikata ku nukta ya kwanza, barua ya prefe inabaki "M" peke yake. Ekstansio inahesabiwa tangu nukta ya mwisho, na GetFileNameWithoutExtension ao stem ya pathlib zinajua ile. Lakini ata zenyewe haziwaze sawa kila mara: archive.tar.gz inabaki archive.tar, na fishie kama .bashrc, pathlib inasema haina ekstansio, .NET inasema yote ni ekstansio na jina ni bure, haina kitu. Kumbuka tena Windows inaficha ekstansio tangu mwanzo, kwa hiyo mtu anaona liste.pdf na kumbe kweli ni liste.pdf.exe. Kama programu yako inaonyesha majina kwa watu, onyesha jina yote na ekstansio yake, usimfiche mtu kitu yenye inaweza kumuumiza.

Jaribu pia njia yenye inaishia na slashi, C:\Factures\Janvier\. GetFileName inarudisha bure, os.path.basename pia, lakini pathlib na Java zinarudisha Janvier. Hakuna yenye imekosea, kila moja iko na sheria yake, wewe njo unapashwa kujua unataka gani. Na kama mtu anabandika njia yenye alichukua ku Windows na "Copier en tant que chemin d'accès", inakuja na giyeme (") mbili, mbele na nyuma, uzitoe kwanza, la sivyo jina itaishia na giyeme na fishie haitapatikana.

Kuko ulizo ingine yenye watu wanasahau: jina peke yake inatosha? recu.pdf ya Janvier na recu.pdf ya Février ni fishie mbili, ukiandika jina mu baze bila dosie yake, moja itafunika ingine na mwenye butiki atapoteza pesa yake pale. Chunga njia pia. Na kama fishie iko ku kle ya USB, leo ni E:, kesho ku mashini ingine ni G:, kwa hiyo usiitegemee ile herufi. Vilevile Windows ya Kifaransa inaonyesha Bureau na Téléchargements, lakini mu njia ya kweli ni Desktop na Downloads, kumbe Linux ya Kifaransa inaandika Téléchargements kweli kweli, na aksa zake. Kama jina inatoka inje, mu zip ao mu fishie ya mtu haujui, kisha kukata angalia tena isiwe ".." yenyewe, juu basename ya "../.." ni ".." na ile itakutoa inje ya dosie yako.

Ya mwisho ni hizo aksa. Mu Unicode, é inaweza kuandikwa herufi moja, ao e na aksa yake mbali, na fishie zenye zilipita ku Mac mara ingine zinakuja na ile ya pili. Ku ekra Élèves na Élèves ni sawasawa, lakini kodi inasema si sawa, na Windows inakubali zote mbili zikae mu dosie moja. Kama utalinganisha majina, uyapitishe mu NFC kwanza, ile namna yenye inaandika é herufi moja, .NET iko na Normalize, Python iko na unicodedata. Ile ni ya kulinganisha na kutafuta tu, lakini kwa kufungua fishie tumia njia vile ilikuja, bila kuigusa.