Bili ya joto na maji ughaibuni: pesa zinapotelea wapi, na uzizuie vipi

Bili ya kwanza ya majira ya baridi huwashtua wengi wetu, na kinachofuata mara nyingi ni kufukuzana na taa: kila anayetoka chumbani anaambiwa azime. Kuzima taa ni jambo jema, ila pesa haziishii huko. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 10 haifikishi hata sehemu ya kumi ya uniti. Hita ya kuchomeka ukutani ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa moja. Kinachomaliza pesa katika nchi za baridi ni joto: la nyumba kwanza, kisha la maji.

Chukua shawa. Ikitoa lita 10 kwa dakika na ukaoga dakika 10, umetumia lita 100. Kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 40 kunahitaji takriban uniti 3.5, nishati ambayo ingewasha ile balbu kwa zaidi ya saa 380. Kwa hiyo pima shawa yako leo: weka ndoo chini yake, fungua kama kawaida kwa sekunde 30, pima maji, zidisha mara mbili. Ikizidi lita 10 kwa dakika, nunua kichwa cha shawa kinachobana maji, cha lita 6 hadi 8. Bei yake si kubwa, kinafungwa kwa mkono, na siku ukihama unarudisha cha zamani na kuondoka na chako. Kabla ya kununua, uliza kampuni yenu ya maji, maana baadhi huwapa wateja vifaa hivi bure. Lakini kama shawa yenyewe ndiyo inayopasha maji kwa umeme, soma maelekezo yake kwanza. Nyingi hazitakiwi kubanwa zaidi.

Redieta, yale mabati ya ukutani yanayopasha chumba, nazo hazieleweki kwa wengi. Zile namba 1 hadi 5 kwenye kirungu cha pembeni zinaweka kiwango cha joto la chumba, si kasi ya kupasha. Namba 3 ni kama nyuzi 20. Ukiweka 5, chumba hakipati joto haraka zaidi. Kinaendelea tu kupashwa kupita ulivyotaka, na unaishia kufungua dirisha. Sogeza kochi mbali na redieta, na pazia lisiifunike. Ikiwa ya moto chini na baridi juu, ina hewa ndani: zima mfumo, subiri ipoe, shika kitambaa, legeza skrubu ya juu kwa ufunguo wake mdogo mpaka hewa iishe na maji yaanze kuchuruzika, kisha kaza. Katika jengo lenye mfumo mmoja wa pamoja, mwachie mwenye nyumba kazi hiyo.

Na tafadhali, msikae kwenye baridi ili kubana matumizi. Shirika la Afya Duniani linashauri joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18, na watoto wachanga, wazee na wagonjwa wanahitaji zaidi ya hapo.

Siku ya upepo, lowesha mkono uupitishe taratibu kwenye kingo za madirisha na chini ya mlango. Panapopuliza, bandika sponji ya utepe au funga brashi ya mlango. Matundu ya hewa yaliyojengwa ukutani usiyazibe hata kidogo, hasa penye kifaa cha gesi, kwa sababu ya hatari ya sumu ya kaboni monoksidi. Hewa badilisha kwa kufungua madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, redieta zikiwa zimezimwa. Dirisha lililoachwa nusu wazi kutwa nzima linapoza kuta, na kuta baridi ndizo zinazoota ukungu.

Jikoni na kwenye nguo mambo ni mafupi: chemsha maji unayohitaji tu, fua kwa nyuzi 30 mashine ikiwa imejaa, weka friji nyuzi 4 na friza nyuzi 18 chini ya sifuri.

Choo kinachovuja hakipigi kelele. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi lake, usivute maji kwa dakika 15, kisha tazama ndani ya bakuli. Ukiona rangi, mpira wa valvu umechoka, na kuubadilisha ni kazi ndogo.

Kuhusu uvujaji mwingine, soma mita ya maji na uipige picha kabla ya kulala, na tena asubuhi kabla mtu yeyote hajafungua bomba. Namba ikiwa imesogea, mwandikie mwenye nyumba siku hiyohiyo, uambatanishe picha zote mbili za mita. Usiishie kumwambia kwa simu, kwani ukibishana naye baadaye kuhusu bili utahitaji maandishi yenye tarehe.