Kabla mzee hajachomwa sindano ya kwanza ya homoni

Saratani ya tezi dume ikishasambaa hadi kwenye mifupa, matibabu huanza kwa kuinyima testosteroni, homoni inayoilisha. Hilo linajulikana tangu 1941, Charles Huggins na wenzake walipolionyesha huko Chicago. Ila njia ni kadhaa, na iliyomfaa jirani huenda isimfae baba yenu.

Anzeni na mgongo. Akiwa na maumivu makali, miguu imelegea au mkojo umegoma ghafla, mwambieni daktari siku hiyohiyo. Goserelini, mojawapo ya sindano za homoni, hupandisha testosteroni kwanza, wiki moja au mbili, ndipo huishusha. Katika wiki hizo uvimbe ulio kwenye pingili za mgongo unaweza kubana uti wa mgongo, mzee akapooza. Kwa hiyo hutanguliziwa vidonge vya bikalutamidi vinavyoizuia testosteroni isifanye kazi, au huchaguliwa degareliksi, sindano nyingine isiyoipandisha, au upasuaji.

Upasuaji wa kuondoa korodani wengi hawataki hata kuusikia. Mimi nasema usikilizeni. Unafanyika mara moja tu, haurudiwi, na testosteroni huporomoka upesi mno. Goserelini ni kipunje kinachosukumwa chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano nene. Cha miligramu 3.6 hurudiwa kila siku 28, cha 10.8 kila wiki 12. Mkiishi mbali na hospitali, pigeni hesabu ya mwaka mzima, dawa pamoja na nauli, maana tarehe ikipita homoni huanza kurudi. Lakini korodani zikishatoka zimetoka, basi aamue mzee mwenyewe, si wanawe kwenye kikao cha ukoo.

Siku ya kliniki bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, hata za miti shamba. Siku hizi mara nyingi huongezwa dawa ya pili, na hapo historia ya mgonjwa ndiyo inayochagua. Abirateroni humezwa pamoja na predinisoloni, ambayo hupandisha sukari, na abirateroni yenyewe huweza kupandisha presha. Enzalutamidi haimfai sana aliyewahi kuanguka kifafa. Ulizeni pia kuhusu mifupa, kwani tiba hii huidhoofisha, na hakikisheni PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, imepimwa kabla ya kuanza ili baadaye muwe na cha kulinganisha.

Mama naye aje, mzee akiridhia. Hamu ya mzee ya tendo la ndoa itapungua sana, na usiku joto litampanda ghafla hadi shuka zilowe. Mama asipoambiwa mapema, atadhani mumewe amebadilika moyo.