Sindano ya mishipa ya miguu, kuanzia kipimo hadi soksi

Kliniki kwangu swali la kwanza huwa: "Daktari, inauma?" Haiumi sana. Sindano tunayotumia ni nyembamba kama ile ya insulini. Swali ambalo ningependa kulisikia ni jingine: damu inavuja kutokea wapi? Anayeuliza hilo hatarudi mwakani na mishipa ileile.

Vena za miguu hupandisha damu kwenda moyoni, na ndani yake kuna vali zinazozuia damu isirudi chini. Vali zikilegea, damu huvuja kurudi chini, shinikizo hupanda, na mshipa hutanuka na kujipinda kama mzizi chini ya ngozi. Hizo ndizo vena varikosi. Zile nyuzi nyekundu au za samawati kwenye mapaja tunaziita mishipa ya buibui (mdudu, si vazi, ingawa vazi nalo limezificha kwa wengi kwa miaka). Dawa ya sindano huujeruhi utando wa ndani wa mshipa makusudi, kuta zikashikana, mshipa ukageuka kovu, na mwili ukalifyonza polepole. "Sasa damu yangu itapita wapi?" Itapita kwenye vena za ndani, ambazo tangu mwanzo ndizo zinazobeba karibu 90% ya damu ya mguu.

Hatua ya 1: Ujue kama ni wakati wako

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usitafute miadi ya sindano. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani. Mjamzito hatumchomi, mishipa mingi ya ujauzito hunywea yenyewe miezi michache baada ya kujifungua. Taja pia kama unanyonyesha, kama una mzio wa dawa yoyote, kama wewe au ndugu wa damu amewahi kugandwa na damu, na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Wengi hilo la mwisho hawalisemi kwa sababu hawavihesabu kuwa dawa.

Hatua ya 2: Altrasaundi ya Dopla, ukiwa umesimama

Kwa mishipa iliyovimba, hapa ndipo kazi yote ilipo. Mpimaji hupitisha kifaa kuanzia kinena hadi kifundo, anaminya shavu la mguu, anaachia, kisha anatazama damu inaelekea wapi. Ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde, vali ya pale imekufa. Ukipimwa umelala chali tu, damu haina uzito wa kuishusha na uvujaji unaweza usionekane. Nimeshapokea majibu ya "mishipa yote iko sawa" ya mama lishe ambaye mguu wake ulikuwa na vifundo kama kamba ya mtumbwi. Kumsimamisha tu, tatizo likajitokeza kwenye kinena.

Ikiwa safena kubwa, ile vena ndefu ya upande wa ndani wa mguu, ndiyo inayovuja, hiyo ishughulikiwe kwanza: kwa joto la leza au la mawimbi ya redio, kwa povu la dawa, au kwa upasuaji. Kuchoma matawi ya chini na kuacha shina ni kupiga deki huku bomba linamwaga maji.

Mwenye nyuzi za buibui peke yake, bila uvimbe wala uzito wa mguu, mara nyingi hahitaji kipimo kirefu hivyo.

Hatua ya 3: Uliza unachomwa nini

Tunayoitumia sana ni polidokanoli. Ilianza kama dawa ya ganzi, ndiyo maana haiwashi kama maji ya chumvi kali yaliyotumika zaidi zamani. Marekani iliidhinisha mwaka 2010 kwa nguvu ya 0.5% kwa nyuzi zisizozidi milimita 1, na 1% kwa mishipa ya milimita 1 hadi 3.

Mshipa mkubwa huhitaji povu. Tunafuata njia ya daktari Mwitaliano Lorenzo Tessari: mabomba mawili ya sindano, koki ya njia tatu katikati, sehemu moja ya dawa kwa nne za hewa, unasukuma huku na huku kama mara 20. Povu huisukuma damu pembeni badala ya kuchanganyika nayo, kwa hiyo dawa inagusa ukuta vizuri. Halikai, linatengenezwa palepale kitandani, na kwa kikao kimoja hatupendi kuvuka mililita 10. Mwenye kipandauso, au aliyeambiwa ana tundu moyoni, aseme kabla.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Kula kama kawaida. Usipake mafuta miguuni, plasta hazitashika. Vaa sketi au suruali pana na uje na soksi zako. Tunapiga picha, tunachora mishipa kwa kalamu ukiwa umesimama, halafu unalala. Tunaanza juu kwenda chini, na mikubwa kabla ya midogo. Kila tundu hupata kiasi kidogo tu.

Ukisikia maumivu makali ya kuunguza, piga kelele, usivumilie kwa heshima. Dawa inaweza kuwa imetoka nje ya mshipa au, vibaya zaidi, imeingia kwenye ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, na ngozi ikafa. Kwa sababu hiyo sindano hii haichomwi saluni, hata kama bei ni nusu.

Hatua ya 5: Soksi na miguu yako

Ukishuka kitandani, tembea dakika 20 hadi 30 kabla ya kupanda gari. Soksi ziwe za kubana za hospitali, zenye nguvu ya kubana ya 20–30 mmHg (huandikwa kwenye pakiti), zilizopimwa kwa mguu wako. Za dukani za urembo hazisaidii. Mwenye kisukari au mvutaji apimwe kwanza mapigo ya mguuni, kwani ateri zikiwa mbovu soksi hizo hudhuru. Wengi huzivaa wiki moja hadi mbili. Joto la Dar nalijua: zivae alfajiri kabla hujashusha miguu, ukiwa bado mkavu. Jua kali, maji ya moto na vyuma vizito viache kwa siku kadhaa. Safari ya basi hadi Mwanza ahirisha kwa wiki chache.

Hatua ya 6: Subira

Vibonge vigumu utakavyovigusa kwenye mshipa uliochomwa ni damu iliyonaswa. Baada ya wiki mbili hadi nne tunavitoboa kidogo na kuikamua, jambo linalopunguza madoa. Madoa ya kahawia hutokana na madini ya chuma ya damu, na mengi hufifia ndani ya mwaka mmoja. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukikosa pumzi, usisubiri miadi.

Kikao kinachofuata ni baada ya wiki nne hadi sita. Kabla ya hapo usijikague kwenye kioo kila asubuhi: wiki ya pili mguu huonekana mbaya kuliko siku uliyokuja. Picha ya pili naipiga mwezi wa tatu, kwa taa ileile na ukutani palepale.