Swichi za nyumba ya Tanga, ukiwa Marekani

Unajenga Raskazone, wewe uko Houston. Fundi umeme kakutumia orodha ya swichi kwa WhatsApp na majina hayafanani na ya dukani huko. Hajakosea. Ile ya kuwashia taa chini ya ngazi na kuizimia juu, Tanga ni ya njia mbili; Marekani wanaiita ya njia tatu. Ukiongeza sehemu ya tatu ya kuzimia, katikati huingia intamidieti, ambayo kwao ni ya njia nne.

Kununua huko na kujaza begi, acha. Nyingi za nyumbani zimeandikwa 15 A, 120 V, na umeme wa Tanga ni 230 V. Hata kwenye boksi letu la mraba hazikai. (Kwao kuwasha ni juu, kwetu chini.)

Palipo na hatari ni kwenye pampu ya kisima. NEC, kanuni ya umeme ya Marekani, inazigawa swichi kwa kile zinachoweza kukata. Ya matumizi ya kawaida hupimwa kwa ampea, na hukata mkondo wake ukiwa unapita. Ya mota hupimwa kwa nguvu za farasi, maana mota ikielemewa huvuta umeme mwingi. Ya kutenga kifaa na umeme, aisoleta, kwa kanuni hiyo haina kipimo cha kukata kabisa: unazima kwanza kwingine, ndipo unaivuta. Ukiivuta pampu ikiwa kazini, moto wa umeme unaweza kuruka kati ya vyuma vyake na kumuunguza aliyeishika.

Madukani kwetu neno aisoleta hubandikwa hata kwenye zinazokata mzigo, yaani umeme ukiwa unatumika, kwa hiyo jina lisikutulize. Mwambie fundi apige picha ya kibandiko. Kwa bidhaa za IEC, kiwango cha kimataifa cha umeme, AC-23 ni ya mota. AC-20 ni ya kutenga bila mzigo.

Hita ya maji iwe na swichi ya 20 A inayokata laivu na nyutro pamoja. Za nje, kwa chumvi ile ya bahari, zisizopitisha maji.

Jenereta lina swichi yake, chenjiova, inayochagua TANESCO au jenereta, kamwe si vyote viwili. Fundi akikwambia waya wenye plagi mbili, wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, unatosha, tafuta mwingine mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati: umeme wako utarudi kwenye nguzo, na mtengenezaji wa laini atakuwa juu yake akidhani umekatika.