Kufundisha mwendo wa angani kwa mtumbwi, kamba na mawe ya Mwanza

Vijana wa klabu yetu ya sayansi hapa Ilemela, wengi wao wa Kidato cha Pili na cha Tatu, hupenda kuniuliza roketi yenye kasi kuliko zote ni ipi. Nikiwatajia namba wanafurahi, lakini hawajajifunza kitu. Kinachowatesa wasafiri wa angani ni kwamba hakuna cha kukanyagia ili ujisukume, hakuna cha kukusimamisha ukishaondoka, na anayekuelekeza yuko mbali mno. Mambo haya kijana hayashiki kwa kuandikiwa ubaoni. Ninaeleza hapa jinsi ninavyoyafundisha, ili mwalimu mwenzangu wa Ukerewe, Sengerema, Musoma au Bukoba aanze na alivyonavyo, asisubiri maabara.

Mtumbwi usiopigwa kasia

Nenda asubuhi mapema, ziwa likiwa limetulia. Mwenye mtumbwi awepo mwenyewe, kila anayepanda avae jaketi okozi bila ubishi, na kamba ndefu iliyolegea ifungwe kutoka kwenye mtumbwi hadi kwa mtu mzima aliye nchi kavu. Makasia yabaki ufukweni. Pakia mawe ya kilo tano tano, ambayo Mwanza hatuyakosi, kisha waambie vijana wawili waliomo wafike kwenye boya lililo mbele bila kugusa maji.

Wataangaliana kwanza. Usiwasaidie. Mmoja atashika jiwe na kulirusha kwa nguvu upande wa tezi, yaani nyuma, na mtumbwi utasogea mbele. (Hakikisha hakuna mtu wala chombo upande huo.)

Mkirudi, fanyeni hesabu palepale. Mtumbwi na vilivyomo ukiwa kilo 250, jiwe la kilo 5 lililorushwa kwa mita 4 kwa sekunde linaupa mwendo wa takriban sentimita 8 kwa sekunde. Roketi nayo hujisukuma kwa kurusha kitu nyuma, ila inachorusha ni gesi. Haidrojeni na oksijeni zikiungua kwenye injini nzuri, gesi yake hutoka kwa takriban kilomita 4.4 kwa sekunde.

Kisha waulize ni jiwe lipi lililousukuma mtumbwi zaidi, la kwanza au la mwisho. Ni la mwisho, kwa sababu la kwanza lilikuwa linasukuma mtumbwi pamoja na mawe mengine yote yaliyokuwa yakingoja zamu. Mwanasayansi wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, aliichapisha hesabu hiyo mwaka 1903, na mpaka leo hakuna aliyepata njia ya kuikwepa. Ndiyo maana roketi ya Saturn V, iliyopeleka watu Mwezini, iliondoka ardhini ikiwa na karibu tani 2,900, na kilichorudi baharini ni kibanda cha tani zisizofika 6. Sehemu kubwa ya uzito ule ilikuwa mafuta ya kubeba mafuta.

Sasa wape kazi ngumu zaidi: wafike kwenye boya na wasimame hapo. Hapa uwe makini, maana maji yatakuharibia somo. Mtumbwi husimama wenyewe kwa kukwama majini, na angani hakuna maji. Waambie wahesabu kana kwamba maji hayapo. Watagundua kwamba mawe lazima yagawanywe, mengine ya kuondokea na mengine ya kurusha mbele ili kusimama. Halafu mmoja atauliza, "Na ya kurudia je, mwalimu?" Swali hilo likitoka mdomoni mwa mwanafunzi, somo limefika. Usilitangulie kulisema wewe.

Wapo watakaokuambia roketi ni mambo ya nchi za mbali. Wape habari za Malindi. Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na mji huo, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Walichofuata huko ni ikweta. Pale dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea huko huupata mwendo huo bila kuchoma tone la mafuta. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo nasi tunabebwa kwa kasi karibu ileile tukiwa tumekaa.

Kumfikia mwenzako kwenye obiti (njia ya kuizunguka dunia)

Juni 1965, mwanaanga wa Marekani James McDivitt alikuwa ndani ya chombo cha Gemini 4 na akajaribu kulisogelea pipa la roketi iliyowapandisha. Alilielekea na kuwasha injini, kama mtu yeyote ambavyo angefanya. Pipa likazidi kumkimbia. Mafuta yalipopungua, jaribio likaachwa.

Kueleza kilichomtokea, chimbia kigingi mchangani, funga kamba, chora duara mbili zenye kitovu kimoja. Weka wanafunzi wawili kwenye duara la nje, mmoja nyuma ya mwingine, watembee kwa mwendo mmoja. Sheria ni hii: aliye duara la ndani hutembea haraka kuliko wa nje, na anayeongeza nguvu husukumwa kwenda nje zaidi, ambako mwendo ni wa polepole. Mwambie wa nyuma amfikie wa mbele. Akikazana, anatupwa nje na kuachwa. Akipunguza nguvu, anashuka ndani, njia inakuwa fupi na mwendo wake wa haraka, anampita mwenzake kwa chini kidogo, ndipo apande tena kumpokea.

Namba halisi ni hizi. Kwenye kimo cha kilomita 400 chombo huizunguka dunia kwa dakika 92 na ushei. Kwenye kimo cha kilomita 200 ni dakika 88 na ushei. Kila mzunguko, wa chini anachuma karibu dakika nne.

Jioni hiyo hiyo, kama mbingu iko wazi, watoe nje wakitafute Kituo cha Kimataifa cha Anga. Programu za bure za simu huonyesha saa ya kupita kwake, na huonekana giza linapoingia au kabla ya kupambazuka. Ni nukta nyeupe isiyopepesa, inayovuka mbingu kwa dakika chache. Iko juu kilomita 400 hivi na inakwenda karibu kilomita 28,000 kwa saa. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na kidogo, ingelimaliza kabla ya nusu sekunde.

Kufanya kazi ukiwa unaelea

Usiwaingize watoto ziwani kwa zoezi hili. Maji ya ukingoni yana kichocho, na kiti cha ofisi chenye magurudumu kinatosha. Mwanafunzi akae, anyanyue miguu, avae glovu nene za fundi, kisha afungue skrubu ngumu ukutani kwa bisibisi. Badala ya skrubu kuzunguka, anazunguka yeye. Hayo ndiyo yaliyompata mwanaanga Eugene Cernan nje ya chombo cha Gemini 9A mwaka 1966. Alitapatapa bila mahali pa kujishikiza mpaka kioo cha kofia yake kikajaa ukungu. Novemba mwaka huohuo mwenzake Buzz Aldrin, aliyekuwa amefanya mazoezi ndani ya bwawa, alitoka nje ya Gemini 12 iliyokuwa na vishikizo vya mikono na miguu, akafanya kazi yake kwa utulivu. Mfungie mwanafunzi wako kamba ya kukanyagia mguu, arudie. Skrubu itatoka.

Gari la sayari ya Mirihi kwenye mawe yetu

Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, na kwa milima yetu ya mawe sijui kama kuna mji unaolifaa zaidi. Chagua mahali penye mawe mafupi, yasiyoteleza, na upakague kwanza, maana nyoka nao wanapapenda. Mwanafunzi mmoja ni gari: mfunge macho kwa kitenge, mpe simu ya kupigia picha. Mtu mzima atembee kando yake bila kusema, amshike bega pale tu penye hatari. Kundi la waongozaji likae wasikoliona gari. Katikati awepo tarishi. Kila ujumbe, wa kwenda na wa kurudi, anaukalia dakika tatu kamili, akitazama saa.

Kwa nini tatu? Mirihi ikiwa karibu kabisa nasi, mawimbi ya redio hutumia dakika tatu hivi kufika. Ikiwa mbali ni kama dakika 22. Kwa hiyo waambie wanafanya zoezi la siku nyepesi.

Waongozaji huanza kwa tamaa. Wanaandika, "Hatua kumi mbele, geuka kulia robo, hatua sita," na gari linagonga jiwe kwenye hatua ya nne huku wao wakiendelea kusubiri picha. Baada ya hapo wanaandika hatua mbili mbili, na asubuhi nzima gari halijavuka hata kiwanja cha netiboli. Waache wachoke nayo. Kisha liongezee gari akili: likigusa jiwe lisimame lenyewe, lipapase, litafute pa kupita. Mwendo utabadilika palepale, na wataelewa kwa nini Perseverance, gari la Marekani lililotua Mirihi Februari 2021, lilitengenezwa liweze kujichagulia njia.

Hapo wasimulie habari za Spirit, gari jingine la Mirihi. Mwaka 2009 magurudumu yake yalizama kwenye mchanga laini uliofunikwa na ganda jembamba. Wahandisi walijaribu kulinasua kwa miezi, wakifanya mazoezi na gari la mfano hapa duniani, na halikutoka. Machi 2010 likanyamaza. Ndugu yake, Opportunity, kati ya 2004 na 2018 lilitembea kilomita 45, takriban kutoka Mwanza mjini hadi Misungwi.

Ongeza na sheria ya Mwezini, ambayo huwaingia vijana haraka. Wanaanga wa safari za Apollo 15, 16 na 17 walikuwa na gari la umeme, lakini hawakuruhusiwa kwenda mbali kuliko wanavyoweza kurudi kwa miguu na hewa iliyobaki mgongoni. Chora mpaka huo kwa kamba kuzunguka kituo chao, na upunguze kila nusu saa kadiri hewa inavyoisha.

Ukiwa na Jumamosi moja tu, fanya hili la mawe, kwa kuwa linahitaji kitenge, simu na karatasi. La mtumbwi lingoje hadi umpate mwenye mtumbwi unayemwamini. Kwa Darasa la Sita na la Saba, ucheleweshaji uwe dakika moja. Zikiwa tatu, gari huanza kuchungulia chini ya kitenge.