Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuweka Vigae Juu ya Sakafu ya Mbao ya Bafu

Mbao hutanuka zinaponyonya unyevu, husinyaa zinapokauka na hunesa zinapokanyagwa, ilhali kigae na grauti (mchanganyiko wa kujazia mianya kati ya vigae) haviwezi kufuata mienendo hiyo bila kupasuka. Ndiyo maana ukaguzi wa sakafu ya aina hii hauna budi kuanzia chini kabisa, kwenye boriti.

Choo na tabaka la zamani viondolewe kwanza, kisha mbao zichokolewe kwa bisibisi, hasa kuzunguka bomba la choo na kando ya sehemu ya kuogea. Ncha ikizama kwa urahisi, mbao hiyo imeoza na hakuna tabaka la juu litakaloiponya: ikatwe hadi kwenye mbao nzima, kipande kipya kiegemezwe juu ya boriti, na kabla ya yote hayo uvujaji ulioiozesha uzibwe.

Kinachofuata ni ugumu wa sakafu, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Kipimo cha kawaida kwa vigae vya kauri ni kwamba boriti isipinde zaidi ya urefu wake kati ya egemeo na egemeo ukigawanywa kwa 360. Kwa hiyo boriti ya mita 3.6 isishuke zaidi ya milimita 10 inapobeba mzigo. Kwa mawe ya asili kigawanyo ni 720. Kuongeza plaiwudi ya pili husaidia sakafu isibonyee katikati ya boriti na boriti, lakini hakuponyi boriti iliyo dhaifu yenyewe. Hiyo huhitaji kuunganishwa na boriti nyingine ubavuni au kupewa egemeo la ziada. Chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa, kwa maoni yangu, isijadiliwe hata kidogo katika bafu, kwa kuwa huvimba ikilowa na hairudi ilivyokuwa.

Plaiwudi ikazwe kwa skrubu kwenye boriti mpaka milio yote iishe, na kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya milimita 3. Usawa upimwe kwa rula ndefu: tofauti isizidi milimita 6 katika mita 3, na kwa vigae vikubwa isizidi milimita 3.

Ubao wa saruji, unaokaa kati ya plaiwudi na vigae, hulazwa juu ya gundi ya vigae iliyotandazwa kwa mwiko wenye meno, ingali mbichi. Wapo wanaoiruka hatua hii wakiamini skrubu zinatosha, ilhali kazi ya gundi hiyo ni kujaza mapengo yaliyo chini ya ubao, ambayo skrubu haziwezi kuyajaza. Viungo vyake visiangukie juu ya viungo vya plaiwudi, na vizibwe kwa utepe wa wavu na gundi ileile. Ubao huo hauozi, lakini hupitisha maji; kwa hiyo upakwe kizuia maji kinachopanda kidogo ukutani, nao ukingo wa sakafu ubakizwe nafasi ya milimita 6, itakayojazwa silikoni badala ya grauti.

Kabla gundi haijakorogwa, pangeni vipande vikavu vya plaiwudi, ubao wa saruji na kigae mlangoni ili kuona kama mlango bado utafunguka, na kama pete ya kufungia choo itahitaji kuinuliwa ili ikae juu ya kigae.