Spoti rimu inayopoteza upepo kidogo kidogo: safisha rimu kabla hujanunua tairi

Jioni gari lilikuwa sawa, asubuhi tairi moja limeshuka. Unajaza, linakaa siku mbili tatu, linashuka tena. Fundi pancha analizungusha, haoni msumari, kisha anakupa mawili: nunua tairi jingine au tukuwekee tyubu. Kama gari lako lina rimu za aloi, yaani spoti rimu, usikubali lolote kati ya hayo mpaka ufanye kazi iliyoelezwa hapa. Mara nyingi tairi halina kosa. Upepo unapita pale mpira unapokalia rimu, na dawa yake ni msasa, brashi na subira.

1. Hakikisha ni kuvuja, siyo baridi

Huku kwetu Mbeya hili lina maana zaidi kuliko Dar es Salaam. Upepo ndani ya tairi hupungua karibu psi 1 (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji) kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6. Ukijaza pale Mwanjelwa mjini saa nane mchana, tairi likiwa bado la moto kwa kutembea, halafu ukapima alfajiri ya Julai, psi 3 au 4 zinaweza kuwa zimekwenda bila tundu lolote. Wengi wanaokuja kulalamika miezi hiyo wanadaiwa na baridi tu.

Pima matairi yote manne asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji moja, uandike. Yakiwa yameshuka kwa kiasi sawa, jaza uende zako. Moja likiwa chini ya wenzake kwa psi 4 au 5, na kesho yake likaachwa nyuma zaidi, hilo linavuja.

Wanaoshuka Kyela mara kwa mara wasichanganyikiwe. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kule ziwani ni kama 500. Geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, kwa hiyo ukishuka inasoma pungufu kama psi 2, ila joto la Kyela nalo linazirudisha. Linganisha matairi yenyewe kwa yenyewe, achana na namba ya jana ya mahali pengine.

2. Tafuta tundu kabla ya kufungua chochote

Toa gurudumu kwenye gari, jaza mpaka psi 40 kwa muda, usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Koroga sabuni ya maji iwe nzito. Pipa la fundi linafaa kwa pancha ya msumari, lakini kwa uvujaji mdogo, na maji yenyewe yakiwa ya tope, utatoka hujaona kitu.

Anza na valvu: toa kifuniko, paka sabuni mdomoni, kisha ipinde kushoto na kulia kwa kidole. Mpira uliozeeka hupasuka chini, na ufa haufunguki mpaka uupinde. Halafu paka sehemu inayokanyaga barabara. Mwisho laza gurudumu chini, mimina sabuni kwenye mfereji kati ya tairi na rimu, usubiri. Geuza, fanya vivyo hivyo upande wa ndani, ambao ndio husahaulika na ndio mara nyingi wenye kosa. Unachotafuta ni povu jeupe laini linalojijenga taratibu, pengine baada ya dakika tano au zaidi. Anayetazama kwa sekunde kumi atakuuzia tairi.

Ukiliona, chora kwa chaki kwenye tairi na kwenye rimu, mistari miwili inayotazamana. Chora pia tairi palipo na valvu, ili lirudi lilivyokuwa.

Kama ni valvu, badilisha nzima. Ni bei ndogo. Kama ni msumari katikati ya sehemu inayokanyaga barabara, zibia kwa kiraka cha ndani. Ubavu wa tairi hauzibwi.

3. Kutoa tairi

Dai mashine. Mitalimbo hukwaruza aloi, na kila mkwaruzo kwenye ukingo ni njia mpya ya upepo. Pasipo na mashine, weka vipande vya mpira mgumu chini ya mtalimbo. Wale wanaopandisha gari juu ya tairi ili litoke kwenye rimu, waache wafanye kwa rimu za chuma za watu wengine.

4. Kusafisha, kazi yenyewe

Tazama pale ulipoweka chaki. Utakuta rangi imevimba na kumenyeka, na chini yake unga mweupe mgumu. Alumini haitoi kutu nyekundu kama chuma, huliwa hivyo. Unga unanyanyua mpira kwa unene wa karatasi, na hiyo inatosha. Unaletwa na maji: mvua zetu za Novemba hadi Aprili, tope linaloachwa likauke, na kompresa isiyomwagwa maji yake, inayopuliza unyevu moja kwa moja ndani ya tairi. Vile vyuma vya balansi vinavyobanwa ukingoni navyo hukwangua rangi na kufungua mlango.

Tumia brashi ya waya laini, kisha msasa namba 180, umalizie na 320. Sugua kufuata mzunguko wa rimu. Ukisugua kukatiza, unachora mifereji ya kupitishia upepo. Grenda usiiruhusu ikaribie. Inakula aloi kwa sekunde na kuacha bonde ambalo hakuna gundi itakayolijaza. Safisha mzunguko mzima, pande zote mbili, siyo penye chaki tu, mpaka kucha ikipita isikwame.

Pangusa kwa spiriti, acha pakauke. Palipobaki alumini tupu, paka praima (rangi ya kwanza ya kushikia) nyembamba na uiache ikauke kabisa. Kisha geukia mdomo wa tairi, yaani ukingo wake unaokalia rimu: toa mabaki ya mpira na unga ulionasa. Ukikuta umekatika au nyaya zimechungulia, hapo kweli tairi limekwisha.

Gundi nyeusi ya mdomo wa tairi pakaa kidogo, kama unaihitaji. Oili chafu na grisi hapana, zinaharibu mpira. Silikoni ya madirisha ni ya madirisha.

5. Kurudisha

Paka mdomo wa tairi sabuni nzito, lipandishe, ulinganishe alama zako, ujaze. Utasikia milio miwili linapokaa. Lisipokaa kufikia psi 40, usiongeze. Toa upepo, paka sabuni upya, anza tena, na uso wako usiwe juu ya gurudumu. Rudia jaribio la sabuni kabla ya kulifunga, kisha punguza upepo ufikie kiwango kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Nati funga kwa kukingamana. Toyota ndogo nyingi zinataka nguvu ya kukaza ya Nm 103, inayopimwa kwa spana ya kupimia. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Rimu iliyopinda au yenye ufa

Zungusha rimu tupu kwenye mashine ya balansi, utazame ukingo wa ndani. Mashimo ya barabara huupinda huo kwanza. Kupinda kidogo kunanyooshwa na mwenye presi anayejua kupasha aloi moto wa kiasi. Nyundo juu ya aloi baridi inazaa ufa. Na povu likitoka katikati ya chuma, mbali na mpira, huo ni ufa tayari. Kuchomelea wanachomelea, ila mimi sikushauri. Moto unaidhoofisha aloi kuzunguka pale, na gurudumu hilo ndilo utashuka nalo mteremko mkali wa Kitonga. Tafuta rimu moja iliyotumika, yenye kipenyo, upana, matundu na namba ya ET (inayoonyesha rimu inakaa ndani au nje kiasi gani) sawa na wenzake.

Tyubu nayo naikataa kwa sababu hiyohiyo ya usalama. Ndani ya tairi lisilotengenezwa kwa tyubu kuna mikwaruzo na mishono inayoisugua mpaka ipate moto. Ikipasuka, upepo wote unatoka mara moja kupitia tundu la valvu, wakati tairi bila tyubu likichomwa msumari hushuka polepole na kukupa nafasi ya kusimama.

Kupima matokeo

Pima asubuhi ya kwanza, ya tatu, na baada ya wiki, ukilinganisha na wenzake. Kupoteza psi 1 au 2 kwa mwezi ni kawaida ya mpira. Likizidi hapo, rudi na sabuni: povu likitoka palepale penye chaki, huenda rimu imepinda, likitoka pengine, kuna sehemu ulipita bila kuisugua.